Je, Wajua? Kura za Watazamaji na Watu Wasio na Makaratasi

Je, wajua kwamba mtu mmoja anaweza kutaka mhamiaji afukuzwe nchini, na papo hapo akataka huyohuyo apewe uraia? Juni 2024, taasisi ya utafiti wa maoni ya Gallup iliwauliza Wamarekani juu ya wahamiaji wanaoishi nchini mwao bila vibali. Asilimia 47 waliunga mkono wote warudishwe makwao. Katika utafiti huohuo, asilimia 70 waliunga mkono wapewe nafasi ya kuwa raia wakitimiza masharti fulani kwa muda. Jumlisha: 117. Maana yake ni kwamba watu wasiopungua 17 katika kila 100 waliyakubali yote mawili.

Watu hao hawakuwa wamechanganyikiwa. Swali la kwanza linamleta akilini mtu asiye na sura, aliyevuka mpaka usiku. La pili linamleta mtu aliyekaa miaka, anayefanya kazi, aliye tayari kufuata utaratibu. Lakini tazama kinachoweza kutokea habari ikifika kwa mhariri. Gazeti moja litaandika kwamba karibu nusu ya wananchi wanataka wahamiaji wafukuzwe. Jingine litaandika kwamba saba katika kila kumi wanataka wapewe uraia. Yote mawili yatakuwa yamesema kweli, na wasomaji wa kila upande watalala wakiamini taifa zima liko nao. Mwaka 2025 Gallup waliuliza tena: wanaotaka wote wafukuzwe walikuwa wameshuka hadi asilimia 38, wanaotaka wapewe njia ya uraia wamepanda hadi 78. Jumla ni 116. Kwa hiyo ukisoma matokeo ya utafiti wa maoni, tafuta kwanza swali lenyewe, neno kwa neno. Gazeti lisilolichapa swali limekunyima nusu ya habari.

Hao wa Gallup walau walichagua watu wao kwa bahati nasibu. Zipo kura nyingine, zile za mtangazaji kusema: tupigie, tuma ujumbe, bonyeza hapa.

Je, wajua kwamba kura za namna hiyo zina historia ndefu ya kupotosha? Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura kwa watu wapatao milioni 10, wengi wao wakipatikana kwenye orodha za wenye simu na wenye magari. Zaidi ya milioni 2 walijibu. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt kwa asilimia 57. Siku ya uchaguzi Landon alishinda majimbo mawili tu, Maine na Vermont. George Gallup, aliyeuliza watu wachache mno ukilinganisha na jarida hilo, alikuwa amemtaja mshindi sawasawa. Mwaka 1938 jarida likafa. Wakati wa dhiki kuu ya uchumi mwenye simu na gari hakuwa mtu wa kawaida, na aliyejisumbua kurudisha karatasi ile hakuwa sawa na aliyeitupa.

Televisheni haikujifunza. Mwaka 1983 kipindi cha Nightline cha ABC kiliwaalika watazamaji wapige simu, za kulipia, waseme kama makao makuu ya Umoja wa Mataifa yaendelee kuwa Marekani. Simu zaidi ya 186,000 zilipigwa, na asilimia 67 ya waliopiga wakataka umoja huo uondoke. Watafiti wakauliza watu 500 tu, waliochaguliwa kwa bahati nasibu: asilimia 72 walitaka ubaki. Watu mia tano waliochaguliwa vizuri walisema kweli kuliko laki moja na elfu themanini na sita waliojichagua wenyewe.

Hapo ndipo tunapofika kwa wahamiaji. Katika muongo wa 2000, mtangazaji Lou Dobbs wa CNN alikuwa na kipindi cha jioni kilichoshughulikia uhamiaji usio na vibali karibu kila siku, chini ya kichwa kilichodai kwamba mipaka imebomoka. Watazamaji walialikwa kupiga kura kwenye tovuti, na matokeo yakasomwa kabla ya kipindi kwisha. Asilimia 90 na zaidi upande mmoja lilikuwa jambo la kawaida. Kura za tovuti ya CNN zilikuwa na maandishi madogo yanayosema si utafiti wa kisayansi. Nani anayesoma maandishi madogo? Mtu aliyetazama dakika hamsini za habari za aina moja, akaulizwa swali kwa lugha ya habari hizohizo, alikuwa akirudisha alichopewa. Kisha jibu lake likageuka kuwa habari mpya: wananchi wamesema.

Kipindi hichohicho kilitoa tarakimu ambayo inafaa kufundishwa katika kila chuo cha uandishi. Mwaka 2005 kilitangaza kwamba Marekani imepata wagonjwa 7,000 wa ukoma katika miaka mitatu, na ugonjwa huo ukahusishwa na wahamiaji wasio na vibali. Ukweli ni kwamba hao 7,000 walikuwa wamekusanyika katika kumbukumbu za serikali kwa takriban miaka 30. Mwaka uliokuwa na wagonjwa wengi kuliko yote ulikuwa 1983, nao walikuwa 456. Kufikia 2006 walikuwa 137. David Leonhardt wa New York Times aliyaeleza haya Mei 2007, miaka miwili baadaye. Katika miaka hiyo miwili watazamaji wangapi walikuwa wamekwisha kumtazama mpishi au mfyeka majani wa jirani wakihofia ngozi yake? Ukoma ni ugonjwa wenye aibu nzito katika kila nchi. Kuubandika juu ya kundi la watu wasioweza kufika kituoni kujibu ni ukatili, hata kama aliyefanya hivyo alikosea hesabu tu. Dobbs aliondoka CNN Novemba 2009.

Je, wajua kwamba karibu kila taifa linadhani lina wahamiaji wengi kuliko lilionao? Mwaka 2014 kampuni ya Ipsos MORI iliwauliza watu wa nchi 14 wakisie ni asilimia ngapi ya wakazi ni wahamiaji. Wamarekani walikisia 32. Jibu lilikuwa 13. Waitaliano walikisia 30. Jibu lilikuwa 7. Ukimuuliza mtu kama wahamiaji wamezidi, naye kichwani anawaona mara nne ya walivyo, jibu lake linahusu nchi isiyokuwepo. Taarifa za habari hazitaji mara kwa mara idadi halisi, ila picha ya umati kwenye uzio hurudiwa kila jioni.

Tena idadi halisi ya wasio na vibali haihesabiwi na mtu. Inatafutwa kwa kutoa. Wataalamu wa kituo cha Pew huchukua idadi ya watu wote waliozaliwa nje kutoka kwenye dodoso kubwa la serikali, dodoso ambalo haliulizi mtu ana kibali gani. Wanatoa idadi ya walioingia kihalali wakiangalia rekodi za viza, ukimbizi na ukaaji. Kinachobaki wanakiongeza kidogo, kwa kuwa wapo wanaojificha mwenye dodoso akibisha hodi. Kwa njia hiyo Pew walipata milioni 12.2 mwaka 2007, na milioni 14 mwaka 2023. Ndani ya hesabu hiyo wamo wengi ambao hawakuruka uzio wowote: waliteremka uwanja wa ndege wakiwa na viza, viza ikaisha, hawakuondoka. Mkenya au Mtanzania aliyekwama Marekani bila makaratasi mara nyingi ni wa aina hii, alikuja kusoma au kutembea. Lakini kamera haiwezi kupiga picha ya viza inayoisha. Inapiga picha ya mto na uzio, na mtazamaji anabaki akiamini kwamba habari yote iko mtoni.

Kuna tarakimu nyingine inayosomwa vibaya kila mwezi, ile ya wanaokamatwa mpakani. Idara husika Marekani huhesabu tukio. Mtu akikamatwa Jumatatu, akarudishwa Meksiko, akajaribu tena Alhamisi, ni wawili katika hesabu. Kuanzia Machi 2020 hadi Mei 2023 ilikuwapo amri ya afya, ya wakati wa korona, iliyoruhusu watu kurudishwa upesi bila adhabu nyingine, na wengi wakajaribu tena na tena. Katika mwaka wa fedha wa 2021, zaidi ya robo ya matukio yalihusu watu waliokwisha kukamatwa kabla. Habari ziliendelea kusema watu milioni kadhaa wameingia, ilhali namba ilikuwa ya matukio, na wengi katika matukio hayo walirudishwa.

Mbinu ya kuvimbisha hesabu hii ni ya zamani. Mwaka 1954 serikali ya Rais Eisenhower iliendesha msako mkubwa wa Wameksiko wasio na vibali, msako uliopewa jina la tusi ambalo sitalirudia. Ulitangazwa magazetini kabla haujaanza, na baadaye ukapewa sifa ya kukamata zaidi ya watu milioni moja. Sasa angalia kalenda. Msako ulianza katikati ya Juni 1954. Ile milioni moja na ushei ni ya mwaka wa fedha ulioishia tarehe 30 Juni 1954. Yaani sehemu kubwa kabisa ya hao waliokamatwa walikamatwa kabla msako wenyewe haujaanza. Mwanahistoria Kelly Lytle Hernández ameyafukua hayo katika utafiti wake juu ya polisi wa mpakani. Hata hivyo tarakimu ile imetajwa na wanasiasa hadi karne hii, kama uthibitisho kwamba kufukuza watu milioni moja ni kazi ya msimu mmoja.

Je, wajua kwamba habari zinaweza kubadilisha tatizo kubwa la taifa ndani ya mwezi mmoja? Gallup huwauliza Wamarekani kila mwezi wataje wenyewe tatizo kubwa kuliko yote nchini. Juni 2014, asilimia 5 walitaja uhamiaji. Julai walikuwa 17. Katikati hapo televisheni zilijaa picha za watoto kutoka Amerika ya Kati waliokuwa wakifika mpakani peke yao. Wingi wa watoto ulikuwa wa kweli. Ila mtu wa Ohio au Montana hakuwaona watoto hao barabarani kwake, aliwaona sebuleni kwenye kioo. Maxwell McCombs na Donald Shaw walikuwa wameonyesha jambo hili tangu 1972, katika utafiti waliofanya Chapel Hill, North Carolina: vyombo vya habari huenda visiweze kumwambia mtu afikiri nini, lakini vina nguvu kubwa ya kumwambia afikiri juu ya nini.

Mwaka 2018 ulikuja msafara wa watu wa Honduras na majirani zao waliokuwa wakitembea kwa miguu kuelekea kaskazini. Wiki chache kabla ya uchaguzi wa Bunge wa tarehe 6 Novemba, msafara ule ulikuwa habari ya kwanza usiku baada ya usiku, ingawa ulikuwa bado mamia ya kilomita kutoka mpakani. Tangazo la kampeni lililowaunganisha wasafiri hao na muuaji lilikataliwa na CNN; NBC na Fox News walilirusha kisha wakaliondoa. Uchaguzi ulipopita, habari za msafara zilipungua ghafla. Watu walikuwa bado wanatembea.

Sitaki msomaji adhani makosa yako upande mmoja tu. Juni 2018 mpiga picha John Moore, wa Getty, alimpiga picha mtoto wa kike wa Honduras, hajatimiza miaka miwili, akilia usiku huko McAllen, Texas, huku mama yake akipekuliwa na askari wa doria. Ni picha ya kweli, na mwaka uliofuata ilishinda tuzo ya World Press Photo. Wakati huo serikali ilikuwa ikiwatenganisha watoto na wazazi wao kwa maelfu, na ulimwengu ulikuwa na hasira. Jarida la Time likamkata mtoto yule kutoka kwenye picha, likamweka kwenye jalada peke yake, akimtazama Rais Trump aliyesimama juu yake. Baba yake, akiwa Honduras, akasema mtoto hajatenganishwa na mama. Maafisa nao wakathibitisha. Walikuwa pamoja muda wote. Waliokuwa wakitetea sera ile wakapata fimbo: mmeona, hata picha yao ni ya uongo. Maelfu ya watoto waliotenganishwa kweli hawakupungua hata mmoja kwa sababu ya jalada lile, ila waliotaka kuwakana walipata kisingizio. Mwandishi anayewapenda wanyonge ana wajibu wa kuwa sahihi zaidi, kwa sababu kosa lake hulipwa na wao.

Na upande wa pili kosa hulipwa vilevile na wao. Septemba 10, 2024, mbele ya watazamaji wapatao milioni 67, Donald Trump alisema kwenye mdahalo wa wagombea urais kwamba wahamiaji wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka wa wenyeji. Mwendeshaji mdahalo David Muir alisema papo hapo kwamba uongozi wa mji haukuwa na taarifa ya kuaminika juu ya jambo hilo. Waliolengwa ni Wahaiti wa Springfield, na wengi wao walikuwa nchini kihalali wakati huo. Haikusaidia. Katika siku zilizofuata mji ulipokea vitisho vya mabomu zaidi ya 30, shule zikafungwa, watoto wakarudishwa nyumbani.

Je, wajua ni nani aliyewatoa watu barabarani tarehe 25 Machi 2006? Siku hiyo watu wapatao nusu milioni, wengi wamevaa nyeupe, walijaza katikati ya Los Angeles kupinga muswada uliotaka kufanya kukaa bila vibali kuwe jinai nzito. Vyumba vingi vya habari vya Kiingereza vilishtuka, havikujua kwamba maandamano yanakuja. Redio za Kihispania zilijua kwa sababu zilikuwa zimeyaitisha. Watangazaji wa vipindi vya asubuhi, mahasimu wa kibiashara kama Eddie Sotelo anayeitwa Piolín na Renán Almendárez Coello anayeitwa El Cucuy, waliungana wakawaambia wasikilizaji wavae nguo nyeupe, wabebe bendera za Marekani na waandamane kwa amani. Piolín mwenyewe aliwahi kuishi Marekani bila makaratasi alipokuwa kijana. Nchi moja, mji mmoja, na taarifa mbili za habari zisizosikilizana. Yeyote aliyefanya utafiti wa maoni kwa Kiingereza tu wiki ile asingelijua hilo.

Kisha kuna mwandishi aliyekuwa yeye mwenyewe ndiye habari. Jose Antonio Vargas alipelekwa California kutoka Ufilipino mwaka 1993 akiwa na miaka 12, kuishi na babu na bibi yake. Akiwa na miaka 16 alipanda baiskeli akaenda kuomba leseni ya udereva, na kadi yake ya ukaaji mfukoni. Karani akaigeuza kadi, akaitazama, kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni ya bandia, asirudi pale tena. Ndivyo kijana yule alivyojua. Akasoma, akaajiriwa Washington Post, akawa katika timu iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2008. Juni 2011 aliandika katika jarida la New York Times kwamba hana makaratasi. Fikiria miaka yote ile alivyokaa katika chumba cha habari, wenzake wakijadili watu kama yeye kana kwamba hakuna hata mmoja wao anayesikia.

Yeye na wengine walianza kudai vyombo vya habari viache kumwita binadamu mhamiaji haramu. Aprili 2, 2013, shirika la AP, ambalo kitabu chake cha mwongozo hutumiwa na vyumba vya habari vingi vya Marekani, liliamua kwamba uharamu ni sifa ya kitendo na si ya mtu: andika kwamba mtu ameingia au anaishi nchini kinyume cha sheria. Los Angeles Times ikafuata mwezi uliofuata. Wazo lenyewe halikuwa geni. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio mwaka 1975, nambari 3449, likitaka nyaraka za umoja huo ziseme wafanyakazi wahamiaji wasio na hati. Waandishi wa Italia nao walijiwekea mwongozo mwaka 2008, uitwao Carta di Roma. Ulitokana na aibu: Desemba 2006 watu wanne waliuawa katika mji wa Erba, akiwamo mtoto mdogo, na magazeti yakamtangaza muuaji kuwa ni baba wa mtoto huyo, Mtunisia. Siku ile alikuwa Tunisia. Waliokuja kuhukumiwa ni mume na mke, Waitaliano, majirani wa marehemu.

Je, wajua habari iliyozaa wimbo kwa sababu ya kile isichokisema? Januari 28, 1948, ndege iliyokuwa ikiwarudisha Meksiko vibarua 28 wa mashambani ilianguka katika korongo la Los Gatos, California. Wote 32 waliokuwamo walikufa. Habari zilizosambaa nchini ziliwataja kwa majina rubani, wafanyakazi wa ndege na afisa wa uhamiaji. Wale 28 waliitwa waliokuwa wakirudishwa makwao, basi. Mwanamuziki Woody Guthrie alikasirishwa na hilo akaandika shairi, ambalo baadaye lilitiwa muziki na Martin Hoffman na kuimbwa dunia nzima. Wafu wenyewe walilala Fresno katika kaburi moja la pamoja kwa miaka 65. Mwandishi Tim Z. Hernandez alianza kuwatafuta mmoja mmoja katika rekodi za makaburi na magazeti ya zamani ya Kihispania, na mwaka 2013 jiwe lenye majina yote likasimamishwa. Majina yalikuwapo siku zote.

Kwetu Afrika Mashariki na jirani zake njia ni nyingine, wasafiri ni wengine. Vijana wa Ethiopia hupita Kenya, Tanzania na Malawi wakielekea Afrika Kusini, wakifichwa ndani ya malori. Juni 2012 zaidi ya 40 walikosa hewa wakafa ndani ya lori mkoani Dodoma. Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, maafisa walifungua kontena la lori lililotoka Malawi wakakuta maiti 64 na watu 14 walio hai. Walio hai wanaponaswa, tumezizoea picha zao: wamekaa chini kwa mstari kwenye uwanja wa kituo cha polisi, vichwa vimeinama, na chini ya picha maneno wahamiaji haramu wakamatwa. Wanaitwa hivyo hata maiti. Nimesoma habari za namna hiyo nyingi, na ni nadra kukuta mwandishi aliyemuuliza hata mmoja wao jina lake, alilipa kiasi gani, alilipa kwa nani. Hilo swali la mwisho lina faida kuliko picha yote, kwa sababu aliyelipwa bado yuko barabarani anajaza lori jingine. Wahariri wa Kiswahili hawahitaji kusubiri AP. Mtu aliyeingia bila kibali ni mtu aliyeingia bila kibali. Maneno hayo yanatosha na yanaeleweka.

Nao utaratibu wa kuuliza maoni kwa haki tunaujua. Tanzania Bara, mradi wa Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza, ulioanza kazi mwaka 2013, ulichagua kaya 2,000 kwa bahati nasibu, ukazigawia simu na chaja za umeme wa jua, kisha ukawa unapiga simu kwa haohao. Mkulima asiye na umeme naye aliingia katika hesabu, badala ya kuhesabiwa tu mwenye simu na salio. Linganisha na swali la jioni kwenye redio: tuma Ndiyo au Hapana, kila ujumbe kwa gharama yake. Redio iendelee kuuliza, ni njia nzuri ya kuzungumza na wasikilizaji. Isiseme tu kwamba asilimia 85 ya Watanzania au Wakenya wamesema.

Kazi ya kuwauliza wananchi ni ngumu zaidi siku hizi. Pew walipopiga simu mwaka 1997, watu 36 katika kila 100 walikubali kuhojiwa. Mwaka 2018 walikuwa 6. Na katika hizo kelele zote za kura na maoni, wanaozungumziwa huulizwa mara chache mno. Asiye na makaratasi hapokei simu asiyoijua wala hafungui mlango kwa mgeni. Inawezekana, hata hivyo. Mwaka 2023 taasisi ya KFF, ikishirikiana na Los Angeles Times, iliwahoji wahamiaji 3,358 nchini Marekani, wakiwamo wengi walioonekana hawana vibali, ikiwauliza juu ya kazi, afya, ubaguzi na hofu ya kufukuzwa. Mahojiano yalifanyika katika lugha 10, zikiwamo Kihispania, Kikrioli cha Haiti, Kiarabu, Kikorea na Kitagalogi. Kiswahili hakikuwamo. Waandishi na watangazaji wetu walioko kule, wanaojua Waswahili wako mitaa gani na wanasali wapi, ndio walio karibu zaidi kuianza kazi hiyo.